Mwalimu Naye Hunolewa

Historia ya elimu ya wilaya zetu hutaja majengo zaidi kuliko walimu. Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichoanzia Kiungani, Unguja, kilihamia Minaki, Kisarawe, miaka ya 1920, kikatoa walimu. Kibaha ilipata sekondari mwaka 1965 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Mwaka 1970 Serikali ikaupokea mradi mzima. Baada ya mwaka 2004 shule za kata ziliongezeka upesi kuliko walimu wa hisabati na sayansi. Wenzetu wa Kenya, wakisaidiwa na Japani, walianza mwaka 1998 kuwanoa walimu wa masomo hayo wakiwa kazini. Nasi tusingoje. Shule zenye maabara ziwaalike walimu wa jirani wakati wa likizo, wafanye majaribio pamoja. Sisi wanafunzi wa zamani tuchangie nauli na kemikali.