Shauri, Nasaha na Asali ya Meru

Asubuhi moja ya Julai, ukungu bado umeufunika Mlima Meru, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja upande wa Ngaramtoni aliitwa na mwalimu wa ushauri na unasihi. Alifika mlangoni amejikunyata ndani ya sweta.

“Shikamoo madam.”

“Marahaba. Ingia, ukae.”

Hakuingia. “Madam, kwani nimekosa nini?”

Mtu anaitwa kushauriwa, anajiona mshtakiwa. Kosa si lake, ni la neno lenyewe. Shauri kwetu ni wazo jema apewalo mtu. Ni kesi pia: mahakama husikiliza mashauri, na hakimu huahirisha shauri hadi mwezi ujao. Halafu kuna “shauri yako!”, yaani nimekwisha kukuonya, litakalokupata usinililie. Neno moja linasaidia, linashtaki na linatelekeza. Mtoto aliyelelewa kwa maana mbili za mwisho atawezaje kuitarajia ile ya kwanza?

Nasaha nayo ina historia yake. Miaka ya mwanzo ya 2000, vituo vya Angaza vilipoenea nchini, watu wengi walizoea kulisikia “ushauri nasaha” likiwa limeshikana na upimaji wa virusi vya UKIMWI. Ukionekana unatoka huko, jirani alishakuandikia cheti kichwani. Katika nyaraka za elimu limeshika “ushauri na unasihi”, na hiyo “na” ina kazi yake. Anayehangaika achukue tahasusi ya PCB au HGL anataka ushauri: aonyeshwe njia, achague. Aliyeacha kula bwenini tangu mama yake afariki hana njia ya kuonyeshwa. Huyo anataka unasihi, mtu wa kukaa naye hadi maneno yatoke yenyewe.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na huko kwao yanakutana kwenye asali. Mzizi wa shauri hutumika pia kwa kurina, yaani kuitoa asali mzingani. Mzizi wa nasaha husemwa juu ya asali iliyochujwa ikabaki safi, bila nta. Tena mzizi huohuo una maana ya kushona nguo, na sindano imepata jina lake moja humo. Basi mshauri ni mrina asali, mnasihi ni mchujaji na fundi wa kushona palipochanika. Wenye mizinga Arusha hawahitaji kueleweshwa zaidi: asali hairinwi kwa pupa, na anayeuvamia mzinga huondoka na miiba.

Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka Na. 11, ulioagiza huduma ya ushauri na unasihi iwepo shuleni na katika vyuo vya ualimu. Mwaka huohuo zikatoka kanuni mpya za adhabu ya viboko: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyempa idhini ya maandishi, na viandikwe kitabuni. Nasaha na fimbo zikapewa karatasi zake mwaka mmoja.

Zinakutana katika mwili wa mtu mmoja. Mnasihi wetu kwa kawaida ni mwalimu wa Kiswahili au Baiolojia aliyeongezewa jina bila kupunguziwa vipindi. Wiki ya zamu yake, saa moja asubuhi yuko getini anawapanga waliochelewa. Saa nne, wenzake wakinywa chai, anatakiwa awe sikio la mmoja wa walewale aliowapigisha magoti. Ofisi yake ni stoo ya madaftari, na katikati ya mazungumzo mtu anasukuma mlango akitafuta chaki. Siri gani itatoka hapo? Ikitoka, inamwelemea: mkuu wa shule anauliza, mzazi anauliza, na mwenzake anamtania, “Wewe unawadekeza tu.” Jioni anakwenda nayo nyumbani, kwa maana yeye mwenyewe hana mnasihi.

Kazi ya kusikiliza si ngeni huku: Waarusha na Wamaasai wana laigwanan, kiongozi wa rika. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu Waarusha, alikuta mashauri yao yakimalizwa kwa mazungumzo marefu chini ya watu hawa, bila hakimu wa kushusha hukumu. Jina lao linatokana na neno la Kimaa la kujadiliana. Sisi tumemwita mtu wetu mtoa ushauri, kana kwamba anao mfukoni na kazi yake ni kuugawa. Laigwanan ni mtu wa kuongea na watu. Kwa hilo Kimaa kimetushinda, maana katika jina lenyewe kimemwekea mwenye shida kiti chake.

Nilipopita tena Ngaramtoni, bango la herufi kubwa mlangoni kwa mwalimu yule, lililoandikwa OFISI YA USHAURI NA UNASIHI lilikuwa limebanduliwa. Madam, ambaye Kimaa ndicho alichoanza kusema utotoni, alikuwa amebandika karatasi ya daftari, kalamu ya buluu: “Njoo tuongee. Usipobisha hodi, usiingie.” Sentensi ya pili ilikuwa ya wale wanaofuata chaki.