Ukubwa wa Risasi na Uzito wa Hoja

NENO 'risasi' lina maana mbili katika Kiswahili: madini mazito, na kile kitokacho mtutuni. Asili yake ni Kiarabu, 'rasasi', yaani madini hayo. Je, uzito ndio nguvu? Hebu tuitazame historia.

Huko Ufilipino, mwanzoni mwa karne ya 20, wanajeshi wa Marekani walilalamika kuwa bastola zao za kipenyo cha inchi 0.38 haziwasimamishi wapiganaji Wamoro. Mwaka 1904 maafisa wawili, Thompson na LaGarde, walijaribu risasi kwa maiti na ng'ombe, kisha wakapendekeza kipenyo kisichopungua 0.45. Ndipo ikaja bastola ya Colt ya 1911, kazi ya John Browning. Mwaka 1985 jeshi lilo hilo likahamia milimita 9: risasi ndogo, lakini bastola ikabeba nyingi zaidi. Mwindaji wa sungura naye hutosheka na 0.22, maana kubwa huharibu kitoweo.

Basi 'bastola ipi bora?' ni swali nusu. Nusu ya pili ni 'kwa kazi gani?' Isitoshe, Thompson na LaGarde wenyewe walisisitiza kwamba askari afunzwe kulenga sawasawa. Risasi iliyokosa shabaha, iwe kubwa vipi, haimlindi mtu. Tena huenda ikamwua asiyehusika.