Kodi ya Ng'ambo Mbili za Mto Hudson

Kwa Kiswahili chetu neno kodi lina maana mbili: fedha apewayo mwenye nyumba, na fedha itozwayo na serikali. Sisi tuliohamia huku tukakaa New Jersey na kufanya kazi New York tumezilipa zote mbili, na hiyo ya pili tumedaiwa na majimbo mawili, ukiiacha ile ya Washington. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilifika Jersey City mwaka 1996, baada ya kusomesha Mombasa miaka kumi na mitatu. Nikapata kazi ya ualimu msaidizi Manhattan. Katika kila mshahara nilikatwa kodi ya Jimbo la New York, na juu yake kodi ya jiji kwa wafanyakazi watokao nje, asilimia 0.45. Nikajiambia nimekwisha lipa. Kwa miaka mitatu sikupeleka fomu New Jersey. Mwaka 2000 ikaja barua ikidai zaidi ya dola 1,500, ilhali fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa karo ya binti yetu. Mke wangu akaisoma, akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi tuna serikali ngapi?" Sikuwa na jibu. Ikanibidi nirudi kuwa mwanafunzi.

Kumbe suala hili ni kongwe. New York ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1919. Sheria ile iliwatoza na wasiokaa humo, lakini iliwanyima msamaha waliopewa wenyeji, yaani dola 1,000 za mwanzo kwa mtu mseja na 2,000 kwa mwenye familia. Kampuni ya Yale & Towne, iliyokuwa na kiwanda Stamford, Connecticut, na afisi New York, ikashitaki. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua mambo mawili: jimbo lina haki ya kumtoza mgeni kwa pato alilochuma humo, lakini halina haki ya kumpimia kwa mizani isiyokuwa ya mwenyeji.

Basi hapo ndipo penye mzizi. Jimbo la kazi hutoza kwa kuwa pato limechumwa kwake. Jimbo la makazi hutoza kwa kuwa mtu ni wake, anatumia shule na barabara zake. New Jersey iliweka kodi ya mapato kwa wakazi wake mwaka 1976. Ili mtu asilipe mara mbili, humhesabia kile alicholipa New York, walakini si zaidi ya ile ambayo yenyewe ingemtoza juu ya pato hilo hilo. Na hesabu hiyo haiji yenyewe; lazima uiombe katika fomu. Hilo ndilo nisilolifanya.

Mwalimu mwenzangu akanisaidia kujaza fomu za miaka yote mitatu. Deni likayeyuka, ikabaki faini ya kuchelewa, na karo ikalipwa. Mwaka huo huo wa 2000 mahakama ya juu ya New York ikaivunja ile kodi ya jiji, kwa sababu mwaka 1999 Bunge la jimbo liliwasamehe wakazi wa jimbo peke yao, likatuacha sisi wa nje. Mizani ni ile ile ya 1920. Kadhalika mwaka 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama Kuu iliikataza Maryland kuwanyima wakazi wake hesabu kamili ya kodi waliyolipa majimbo mengine.

Vijana wetu leo hufanya kazi nyumbani kwa kompyuta, wakidhani hawavuki mto. New York huihesabu siku ya namna hiyo kuwa ni yake, ikiwa mtu amebaki nyumbani kwa hiari yake na si kwa haja ya mwajiri. Hata daraja la George Washington, lililofunguliwa mwaka 1931, lina huruma zaidi: tangu 1970 hutoza aingiaye New York tu, na arudiye nyumbani hupita bure.

Nawausia basi: wekeni kila karatasi ya mshahara, pelekeni fomu kwa pande zote mbili, na asiyejua aulize kabla ya barua kubisha hodi. Wazee walikwisha sema, mali bila daftari hupotea bila habari.