Bandama: Kiungo Kilichotwikwa Huzuni

Mtunzi wa mwambao akichomwa na mapenzi, hulalamika kwamba moyo unaungua na maini yanakatika. Na jambo likiharibika, waneni husema limetumbukia nyongo. Bandama, au wengu, haina sifa hiyo. Imejikalia kimya ubavuni kushoto, nyuma ya tumbo la chakula.

Kwa Wayunani mambo yalikuwa mengine. Wao waliiita *splen*, na waganga wao walifundisha kwamba mwili hutawaliwa na maji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Katika karne ya 2, Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, alishika kwamba bandama huivuta nyongo nyeusi kutoka inini. Ikishindwa kazi hiyo, mtu huelemewa na majonzi. Ndiyo asili ya neno melankolia, yaani nyongo nyeusi. Talmudi ya Wayahudi, kinyume chake, yasema bandama ndiyo ichekayo.

Elimu hiyo ilipokewa na Waarabu, na masalia yake yakatia nanga kwetu. Balghamu ni *phlegma* ya Kiyunani iliyovaa kanzu ya Kiarabu. Na safura yatokana na *safra*, ile nyongo ya manjano.

Waingereza walilichukua jina la kiungo wakalifanya jina la ugonjwa wa unyong'onyevu. Anne Finch aliutungia shairi lililochapishwa mwaka 1701. Nchini Ufaransa, Charles Baudelaire aliyapa mashairi manne anwani ya "Spleen" katika diwani yake ya mwaka 1857.

Nyongo nyeusi, kumbe, haikuwako. Bandama huchuja damu, huvunja chembe nyekundu zilizochakaa baada ya siku 120 hivi, huokoa madini ya chuma yaliyomo, na hupigana na vijidudu vya maradhi. Homa ya malaria ikimrudia mtu mara kwa mara, huvimba.

Hata hivyo, wapasuaji wengi waliidhania haina faida kubwa, hadi mwaka 1952, King na Shumacker walipoeleza habari za watoto wachanga waliopatwa na maambukizo makali baada ya kutolewa bandama. Leo aliyetolewa hukingwa kwa chanjo.

Washairi waliitwika bandama huzuni isiyo yake. Matabibu wakaihesabu kuwa ziada. Kosa la kwanza lilizaa tungo, la pili liligharimu uhai.