Kuchuja au Kuhakiki?

Matangazo ya nyumba za kupanga mjini Kisii, Keroka na Nyamira sasa husambaa mtandaoni, na wenye nyumba wanasemekana "kuchuja" wapangaji kabla hata ya kuonana nao. Neno hilo linaumiza. Chai huchujwa, majani yakatupwa. Mtu anayetafuta chumba si wa kutupwa kwa sababu ya kabila, watoto au kazi ya jua kali. Kitenzi kinachofaa ni kuhakiki: kuthibitisha kitambulisho na uwezo wa kulipa kodi, basi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka maelezo ya mtu yakusanywe kwa kadiri ya haja tu. Mwenye nyumba na ahakiki, asichuje.