Kuondoka kwa Amos Alonzo Stagg na Urithi Wake katika Chuo Kikuu cha Chicago

Historia ya vyuo vikuu huandikwa kwa kawaida kwa majina ya marekta, ya maprofesa na ya vitabu vyao. Mkurugenzi wa michezo hutajwa pembeni tu, au hatajwi kabisa. Katika makala haya mafupi tunakusudia kumchunguza mmoja wao, Amos Alonzo Stagg, aliyeongoza michezo katika Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, tangu mwaka 1892 hadi 1933. Swali letu ni hili: mtu aliyeshika kazi moja kwa miaka arobaini anapoondoka, ni kitu gani kinachobaki, na ni nani anayekitunza?

Stagg alizaliwa mwaka 1862 huko West Orange, katika jimbo la New Jersey. Alisoma Yale, ambako alikuwa mwanafunzi wa William Rainey Harper, mtaalamu wa lugha ya Kiebrania. Harper alipochaguliwa kuwa rekta wa kwanza wa chuo kipya cha Chicago, kilichojengwa kwa fedha za John D. Rockefeller, alimwita mwanafunzi wake wa zamani. Alimpa idara nzima ya mazoezi ya mwili na michezo, pamoja na cheo cha profesa asiyeweza kuondolewa ovyo, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Tena, mkurugenzi huyo aliwajibika moja kwa moja kwa rekta, na fedha za idara zilikuwa mikononi mwake.

Matunda yalionekana mapema. Katika kandanda ya Kimarekani, ile ambayo mpira hubebwa mikononi, Chicago ilipata ubingwa wa shirikisho lake mara saba, mara ya mwisho mwaka 1924. Uwanja ukapewa jina lake, Stagg Field, naye angali hai na angali kazini.

Lakini nguvu hizo zilisimama juu ya nguzo moja, yaani mapatano baina ya watu wawili. Harper alifariki mwaka 1906. Mwaka 1929 akaja Robert Maynard Hutchins, rekta mwenye umri wa miaka 30, aliyeamini kwamba kazi ya chuo kikuu ni kuelimisha akili kabla ya jambo lingine lolote. Agosti 1932 Stagg alitimiza miaka 70, na kanuni ya chuo ilitaka mtumishi wa umri huo astaafu. Alipewa kazi nyingine isiyohusu kufundisha timu, akaikataa. Mwaka 1933 alihamia College of the Pacific, huko Stockton, California, akafundisha timu hadi mwaka 1946. Alifariki mwaka 1965, akiwa na miaka 102.

Hapa lugha yetu inatusaidia kupambanua mambo. Kiswahili hutofautisha kuacha kazi na kuachishwa kazi. Viambishi viwili tu vinabadilisha mtenda kuwa mtendwa. Stagg hakuacha, aliachishwa, ingawa kwa kanuni halali. Tusimlaumu rekta kwa haraka, kwa maana kanuni ya umri ikiwa na msamaha kwa mashuhuri, si kanuni tena. Hata hivyo, mtu aliyeonyesha kwa miaka kumi na mitatu zaidi kwamba nguvu zake hazijaisha anatulazimisha kuuliza kama hesabu ya miaka yatosha kupima uwezo wa mtu.

Baada yake kulitokea nini? Mwaka 1935 mchezaji wa Chicago, Jay Berwanger, alikuwa wa kwanza kupata tuzo ambayo leo huitwa Heisman. Lakini mwaka 1939 timu ilishindwa na Michigan kwa pointi 85 kwa 0, na Desemba ya mwaka huohuo chuo kilifuta kandanda hiyo. Si haki kusema kwamba kuondoka kwa Stagg ndiko kulikoleta anguko hilo. Timu ilikuwa imedhoofika tangu baada ya 1924, wakati yeye mwenyewe angalipo, na vyuo vikubwa vya majimbo vilikuwa na wanafunzi wengi zaidi. Alilolikosa Stagg ni mrithi mwenye mamlaka kama yake, kwa sababu mamlaka hayo hayakuwa ya ofisi, yalikuwa ya mtu.

Uwanja nao ulipata historia nyingine. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa yake ya magharibi, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani. Wasomaji wa Katanga hawawezi kulipita jambo hili kimya: sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwa mikono ya wafanyakazi ambao majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe lolote. Majukwaa yalibomolewa mwaka 1957, na mahali pale pamejengwa maktaba kubwa ya chuo.

Kandanda ilirudi Chicago mwaka 1969, bila kelele za zamani, wachezaji wakiwa wanafunzi kwanza. Fainali ya kitaifa ya daraja hilo la vyuo huitwa kwa jina la Stagg. Neno urithi hudai mrithi, na mrithi wa kweli wa mkurugenzi si sanamu wala uwanja, bali ni taratibu zinazoweza kuendeshwa na mtu mwingine. Vyuo vyetu, ambavyo mara nyingi hutegemea bidii ya mtu mmoja katika idara, maktaba au uwanja, vina sababu ya kulifikiri jambo hili mtu huyo angali kazini.