Chaki, timazi na Land Rover ya baba mdogo

Najua wengi mnasubiri stori za boom na foleni ya kafeteria. Leo hakuna. Leo nawaletea historia, na msikimbie jamani, maana hii haimo kwenye silabasi ya kozi yoyote niliyosoma pale kitivoni. Ni historia ya kwa nini magurudumu ya mbele ya gari yanahitaji alaimenti.

Tuanze na gari la farasi. Yale ya zamani huko Ulaya yalikuwa na ekseli ya mbele ya kipande kimoja, inayozunguka kwenye pini moja katikati. Ukikata kona, ekseli nzima inageuka na magurudumu yake. Kitu kama hicho hakijui alaimenti, maana magurudumu yote mawili yako kwenye mti mmoja. Ubaya wake ni kona kali: gurudumu linaingia chini ya bodi, gari linakosa pa kusimamia, puu! chini. Erasmus Darwin, daktari wa Uingereza (babu wa yule Charles Darwin wa baiolojia), karibu mwaka 1759 aliwaza kwamba kila gurudumu liwe na pini yake. Alikuwa anazungukia wagonjwa kwa gari la farasi, kwa hiyo hakuwaza kwa kujifurahisha. Mwaka 1768 gari lilimrusha, likamvunja kilegesambwa, akachechemea maisha yake yote.

Aliyeitengeneza kazi hiyo ikaeleweka ni Georg Lankensperger, mtengeneza magari wa Munich, kwenye mwaka 1816 hivi. Wakala wake London, mchapishaji wa picha aitwaye Rudolph Ackermann, akachukua hataza ya Uingereza mwaka 1818. Mpaka leo vitabu vya ufundi vinasema "Ackermann". Fundi katengeneza, wakala kaandikwa! Ackermann hakuiba, hilo niliseme, lakini mimi ninayejiandaa kufundisha historia linanikera. Wanafunzi wetu wanakariri jina lililo kwenye karatasi, mwenye nyundo anasahaulika.

Hata Karl Benz jambo hili lilimsumbua. Gari lake la hataza ya mwaka 1886 lina magurudumu matatu, kwa sababu usukani wa magurudumu mawili ya mbele haukumridhisha. Alipata hataza ya usukani wake mwaka 1893, ndipo akatoa gari la magurudumu manne.

Na hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Kila gurudumu likiwa na pini yake, lazima yaunganishwe na fimbo, yaani tairodi. Urefu wa fimbo hiyo ndio unaoamua kama magurudumu yanatazama mbele, yanatazamana, au yamenuniana. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, barabara inayarudisha nyuma yale ya mbele, nayo yanataka kufunguka kwenda nje. Kwa hiyo yanafungwa yakiwa yametazamana kidogo, ili mwendoni yanyooke.

Sasa baba mdogo. Ana Land Rover 109 ya Series III (zilitengenezwa 1971 hadi 1985, hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli na ekseli). Ndiyo inayotoa mahindi shambani, na usiku mama mjamzito akizidiwa kijijini, wanakuja kumgongea yeye. Tairi za mbele zikawa zinalika ukingo wa ndani kama zimepigwa msasa. Gereji moja ya mjini, jina kapuni, ikamwambia anunue stelingi boksi mpya. Bei aliyotajiwa, mzee akaanza kutafuta mteja wa gari.

Fundi wa pale kijijini akasema tupime kwanza. Ekseli ya mbele ya hizi gari ni chuma kimoja kizima, kwa hiyo cha kurekebisha ni tairodi tu. Akahakikisha upepo sawa, beringi na boli jointi hazichezi. Akanyanyua gurudumu moja moja kwa jeki, akalizungusha huku ameshikilia chaki, ikachora mstari tairi nzima. Akashusha, tukasukuma gari mbele mita chache likae sawa (ukirudisha nyuma umeharibu, unaanza upya). Kisha timazi ya mwashi: akaishusha kutoka kwenye mstari usawa wa kitovu cha gurudumu, mbele na nyuma, kila upande. Alama nne kwenye sakafu ya ghala. Tukasukuma gari pembeni, tukapima sakafu. Mbele palikuwa papana kuliko nyuma kwa milimita 4, wakati inatakiwa mbele pawe pembamba kwa 1.2 hadi 2.4.

Akalegeza klempu, akazungusha tairodi kwa spana ya bomba. Ncha moja ina nyuzi za kushoto, nyingine za kulia, kwa hiyo fimbo inarefuka au kufupika bila kufunguliwa. Tulipima mara tatu mpaka tukapata 2. Gharama: chaki, na soda mbili.

Tairi mpya za mbele alinunua wiki ileile. Mpaka narudi chuo zilikuwa zimepiga safari tatu za mahindi na moja ya hospitali, na zile nywele za mpira bado zipo upande wa ndani.

Jumatatu nina tesiti ya saikolojia ya elimu, ngoja nikasome. Maoni ruksa!